Kola Isiyokaba

Tarehe 3 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na cherehani yako, maana najua mmoja wenu akiugua mwenzake halali. Mimi sijambo. Chumba changu ni kile kile cha ghorofani, dirisha linatazama ukuta wa jirani. Jirani mwenyewe amenizoea. Zamani aligonga ukuta nikianza mazoezi, siku hizi anagonga nikichelewa kuanza.

Nisalimie dada na shemeji, nasikia mtoto yu njiani. Nisalimie na baba pia, ikitokea nafasi.

Sasa shangazi, nina jambo dogo. Bendi yetu ya manispaa imeletewa mkuu mpya, mtu mwembamba aliyenyooka, tunamwita Rula, si mbele yake. Sharti lake la kwanza ni mashati meupe yenye kola ngumu, kifungo cha juu kimefungwa na tai juu yake. Kwa mpiga ngoma hilo si neno. Lakini mimi tarumbeta siipigi kwa mdomo tu, naipiga na kwa shingo. Nikifika kwenye noti ndefu shingo inajaa kama ya chura, na kola haina habari. Juzi kifungo kimekatika katikati ya wimbo, kikaruka kikampiga mpiga matoazi sikioni. Akadhani ameashiriwa zamu yake, akagonga.

Unaweza kunishonea kola laini, ambayo mtu wa mbali ataiona ngumu, na ambayo shingo ikijaa haitanikaba? Nimekutumia shati langu moja la zamani ulitumie kwa vipimo. Usijali hali yake, nililifunga kwa haraka.

Hakuna jingine kubwa.

Mwanao,
Pulizo

Tarehe 21 Februari

Pulizo mwanangu,

Marahaba. Huku tu wazima. Dada yako amejifungua wiki iliyopita, mtoto wa kike, na mapafu yake ni yako mtupu. Fundi viatu aliyepanga chumba kinachopakana na changu anasema huyu naye apewe tarumbeta mapema, tusije tukashtukizwa mara ya pili. Baba yako mzima. Anasoma gazeti lake, anafunga mlango wake saa zile zile. Hakukuulizia, nami sikumwanzia.

Shati limefika. Mwanangu, nimeshika mkasi tangu wewe hujazaliwa, na nguo ikinifikia mkononi hainifichi kitu. Umeniandikia habari za kifungo kilichoruka. Kifungo cha shati hili hakijaruka popote. Kipo, na uzi wake mzima. Kilichokatika ni kola yenyewe, karibu na kifungo, na wala haikuchanika: imekatwa kwa kitu chenye makali. Kifuani kuna udongo uliofuliwa ukakataa kutoka. Nani alikukata kola ukiwa umeivaa?

Wakati nangoja jibu, nimefanya kazi. Kola yako inakaba kwa sababu ndani yake wamebandika kitambaa kigumu kwa pasi. Nimekitoa. Nimekata kola mpya kwa mshazari, maana kitambaa kilichokatwa mshazari hukubali kuvutika kidogo, tofauti na kilichokatwa kufuata uzi. Mahali pa tundu la kifungo nimeweka kitanzi cha mpira mwembamba. Ijaribu. Kisha nipimie shingo mara mbili, ukiwa umenyamaza, na ukiwa kwenye hiyo noti yako ndefu. Mtu mwingine ashike tepu. Wewe nakujua, utajipunja.

Shangazi yako

Tarehe 14 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na hongera ya mjukuu. Nimefurahi mpaka jirani amegonga ukuta.

Kola imefika. Shingo ilishukuru, sura ikaniaibisha. Baada ya nyimbo mbili ilikuwa imelala mabegani kama masikio ya mbuzi. Nikipuliza, kitanzi kinavutika, tai inashuka, kifungo kinachungulia. Rula alinitazama kuanzia juu mpaka chini, akaniuliza, "Wewe umekuja kazini au umetoka kulala?" Amenihamishia nyuma ya ngoma kubwa. Kupiga tarumbeta nyuma ya ngoma kubwa ni kama kumsalimia mtu ukiwa umejifunika blanketi.

Vipimo nimekuandikia nyuma ya karatasi hii. Mpiga matoazi ndiye aliyeshika tepu. Kati ya shingo tulivu na shingo inayopuliza kuna upana wa vidole viwili. Alijipima na yeye, hakukuta tofauti, akanuna siku nzima.

Lile shati lilinaswa mahali. Si kitu.

Pulizo wako

Tarehe 6 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mtoto anakua, mama yake anapata usingizi kidogo, baba yako alikwenda kumwona akamshika kama mtu aliyeshika yai la mwenyewe. Mvua imeingia barazani kwangu, nimehamisha cherehani upande wa pili, karibu na mlango wa fundi viatu, ndiko kukavu.

Kitu kikinaswa huchanika ovyo, hakikatiki mstari ulionyooka. Haya. Ukiwa tayari utasema.

Sikiliza sasa. Juzi nilikuwa nafumua kola ya tatu, nimekasirika, fundi viatu akasema, "Fundi," maana tunaitana hivyo, "hiyo unaifumua au unaiadhibu?" Nikamweleza habari ya shingo yako. Akachukua kiatu cha kamba akakiweka mapajani. "Tazama. Mguu ukivimba, kinachosogea hapa ni kamba na ulimi. Sura ya kiatu iko pale pale. Wewe unataka kola nzima isogee. Ya nini? Sogeza kifungo."

Nilikaa na neno lake mpaka chai ikapoa.

Basi tazama nilichokutumia. Kifungo sikukishona kwenye kola. Nimekishona kwenye kiulimi, kipande chembamba cha kitambaa kinachopita ndani ya ala iliyojificha kwenye mkanda wa kola. Mkia wa kiulimi una mpira, na mpira umeshikiliwa kwa ndani. Shingo ikijaa, kiulimi kinatoka na kifungo chake. Ikitulia, kinarudi. Ncha za mkanda nimezirefusha zipandane, zisije zikaachana, na kinachosogea chote kipo chini ya tai.

Kola yenyewe ni laini, nimeikata mshazari kama ile ya kwanza. Ili isilale, fundi viatu amenipa vipande viwili vya ngozi ile nyembamba anayowekea viatu vya watoto kwa ndani. Nimeviingiza kwenye pembe za kola, na wakati wa kufua unavitoa. Fundi viatu anasema visianikwe juani. Fundi viatu anasema pia mpira usiwe mpana, utachoka haraka. Mimi nilitaka mpana, ila nadhani yuko sahihi, usimwambie mtu.

Nijibu upesi.

Shangazi yako

Tarehe 19 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya. Nilianza kukuandikia mara kadhaa, kila nikifika kwenye lile shati kalamu inakosa wino.

Ilikuwa Januari, siku ya kuzindua stendi mpya ya mabasi. Jua kali, hotuba ndefu, sisi tumesimama tumefungwa mpaka kooni. Zamu yangu ilipofika nikavuta pumzi, nikaingia kwenye noti, na noti hiyo sikuimaliza. Ninachokumbuka baadaye ni anga na viatu vingi. Mpiga ngoma ndiye aliyenikata kola kwa kisu chake cha mfukoni, maana kifungo kilikataa kufunguka na uso wangu ulikuwa umebadilika rangi. Rula alisubiri nikae, akaniambia kwa upole, na upole wake ndio uliotisha, "Bendi si wodi. Ukianguka tena, kaangukie kwenu."

Sikukuambia kwa sababu wewe na baba mnaishi mji mmoja. Alinitafutia kazi ya uhasibu idara ya maji, nikaiacha nikafuata tarumbeta, na siku naondoka alisema, "Utarudi unakohoa." Tangu siku hiyo hatujazungumza. Sikutaka asikie nimeanguka. Angesema alisema.

Kola ya kiulimi ni ya ajabu. Imesimama, haikabi, Rula alinipita bila neno. Kasoro ni moja. Nikitoka jasho ala inalowa, kiulimi kinatoka na hakirudi, kinabaki nje kama ulimi wa mbwa aliyekimbia. Mpiga matoazi anacheka mpaka anapoteza hesabu.

Jambo la mwisho. Huyu fundi viatu ametajwa kwenye barua yako kuliko mimi, baba na mtoto mchanga kwa pamoja. Nauliza tu.

Pulizo wako

Tarehe 8 Juni

Pulizo,

Marahaba, mwanangu. Niliisoma barua yako nikaiweka mapajani, wateja wawili wakaja wakaondoka. Nilikuwa nimeshahisi, lakini kuhisi na kuambiwa si kitu kimoja. Marehemu mama yako aliniachia wewe ukiwa hujui kufunga kamba za viatu. Ukianguka, mimi ni wa kuambiwa kabla hujasimama. Limekwisha, silirudii.

Baba yako sijamwambia.

Kiulimi kilinata kwa sababu pamba ikilowa inashika pamba. Nimeivisha ala bitana, ile inayoteleza ya kushonea makoti kwa ndani, na kiulimi nacho nimekivisha hiyo hiyo. Nimekilowesha kwa maji ya chumvi, nikakivuta na kukiachia tangu nilipoinjika maharage mpaka yakaiva. Kinarudi. Nakutumia shati zima sasa, si kola peke yake.

Kuhusu fundi viatu: ngozi yake ni nzuri.

Shangazi yako

Tarehe 2 Julai

Shangazi wa mashangazi,

Shikamoo! Imekubali!

Jumamosi tulipiga kwenye ukumbi wa manispaa, watu wamejaa mpaka madirishani, feni moja tu na yenyewe inasukuma joto. Kabla ya kuingia Rula alitukagua. Alifika kwangu, akanishika kola kwa vidole viwili, akaiminya, ikaminyika. Akaivuta pembe, ikarudi mahali pake. "Hii ni nini?" Nikasema ni kola, mkuu. Akasema, "Tutaona."

Wimbo wa mwisho una ile noti yangu, ile iliyoniangusha. Shangazi, niliogopa. Nikavuta pumzi, nikakisikia kiulimi kinateleza shingoni polepole, kama mtu anayekupisha mlangoni. Nikaishika noti. Nikaishika mpaka Rula mwenyewe akanitazama niache.

Baadaye aliniita pembeni, nyuma ya pazia. Akalegeza tai. Chini ya kola yake ngozi ilikuwa imechubuka mzunguko mzima, nyekundu. "Mimi napulizia kila mmoja wenu kimoyomoyo," akasema. "Na yangu inajaa. Huyo shangazi yako anashonea watu wazima?" Anataka shati la kwake kwanza, kisha mashati ya bendi nzima. Mpiga matoazi amesisitiza na yeye apate, ingawa shingo yake haisogei.

Nimerudishwa mbele.

Na bado sijajibiwa vizuri kuhusu fundi viatu.

Pulizo wako

Tarehe 11 Agosti

Mwanangu Pulizo,

Marahaba. Safari hii aliyekawia ni mimi. Si kazi, ingawa kazi ipo: mashati ya wenzako yanaendelea, la mkuu wenu nimelimaliza na mkanda wake nimeuvisha pamba laini iliyofuliwa mara nyingi, kwa ajili ya ile ngozi yake. Mtoto ameota jino. Dada yako anakusalimu.

Umeniuliza mara mbili, nimekukwepa mara mbili. Fundi viatu ameniomba tuoane.

Alisema mwezi uliopita, anatia nta uzi wake, hakuniangalia. "Fundi, mimi na wewe tunaamka saa ile ile, tunakunywa chai barazani saa ile ile, tunazima taa saa ile ile. Kuna ukuta tu hapo katikati." Nikamwambia nitajibu. Hajauliza tena. Kila asubuhi anakunywa chai yake kama kawaida, na ukimya wake hauna haraka wala hauna hasira. Ni mjane mwenzangu, wanawe wakubwa. Akisafiri kununua ngozi, ile nyundo yake ikinyamaza, nashona vibaya.

Jibu ninalo. Tatizo ni kaka yangu. Baada ya mume wangu kufariki, alikuja karani mmoja kuniposa. Baba yako alimjibu mlangoni, hata kiti hakumpa, na mimi nikapata habari karani akiwa ameshafika kwake. Sikumuuliza kaka sababu. Tangu wakati huo tumekuwa tukipeana salamu na dawa za kifua. Sitaki kuolewa kwa kujificha, wala sitaki fundi viatu asimamishwe mlangoni. Mtu akimdharau yule, mimi sitavumilia, nitasema maneno ambayo kaka na dada hawayasahau.

Naomba wewe uanze kumwambia. Najua ninachokuomba. Najua hamzungumzi. Lakini wewe ndiye mtoto wake, na sina mwingine wa kumtuma.

Shangazi yako

Tarehe 1 Septemba

Shangazi,

Shikamoo. Barua nimeipata. Nimeisoma nimekaa, nimeisoma nimesimama. Nimefurahi kwa ajili yako kuliko ninavyoweza kuandika.

Kwa baba, nipe muda kidogo.

Pulizo

Tarehe 22 Septemba

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nilikuja Jumapili na kuondoka Jumapili hiyo hiyo. Sikupita kwako, kwa sababu nilitoka kwa baba nikiwa siwezi kusema, nikapanda basi. Sasa naweza.

Nilimkuta sebuleni anapiga pasi shati lake. Amepungua mabega. Nikamsalimu, akaitika bila kushtuka, kana kwamba nimetoka dukani tu.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Uongo. Kaa."

Akanipa mkate na chai, akarudi kwenye pasi yake. Nilipomaliza akauliza, "Umeleta nini?"

Nikamwambia nimetumwa na wewe. Nikasema yote, habari ya fundi viatu, ya chai barazani, na habari ya karani pia. Sikuruka neno. Alinisikiliza akitazama nje.

"Kwake na hapa ni mwendo wa kumaliza pipi moja mdomoni," akasema. "Kwa nini hakuja mwenyewe?"

"Anakuogopa."

"Ananiogopa? Mdogo wangu?" Akageuka. "Nani mwingine ananiogopa?"

"Mimi, baba."

Tukasikia harufu. Alikuwa ameiacha pasi juu ya kola, na alipoiinua alama ilikuwa ya kahawia, umbo la pasi kamili. Akachomoa waya, akakaa, shati mikononi. Kisha akasema, "Nilikuwepo stendi."

Sikumwelewa.

"Siku uliyoanguka. Nyinyi mkipiga mahali pa wazi mimi huja. Napanda basi la asubuhi, nasimama nyuma, narudi. Ulipoanguka nikakimbia kununua maji. Nilipofika karibu, yule wa ngoma alikuwa ameshakuinua kichwa. Nikajiuliza, mtoto huyu akifumbua macho akaniona mimi, atamwona baba yake, au ataona mtu aliyekuja kusema 'nilikwambia'? Nikashindwa kujua. Nikarudi nyumbani na chupa yangu ya maji."

Shangazi, nilimwambia tu kwamba ningemwona baba. Akatikisa kichwa, nadhani hakuniamini sana, lakini alinisogezea mkate uliobaki.

Nilipokuwa mlangoni akaniuliza, "Huyo fundi, soli anaziweka kwa gundi au anashona?"

"Anashona, baba."

"Hm." Akatazama miguu yake. "Jumamosi ijayo nitapita huko. Viatu vyangu vimekwisha."

Akanisindikiza mpaka kituoni. Hajawahi.

Mwanao,
Pulizo

Tarehe 10 Oktoba

Pulizo mwanangu,

Marahaba, na marahaba tena. Mtoto ana meno manne na anamng'ata kila mtu kwa usawa. Mashati ya bendi nimeyamaliza, yatakufikia na basi la Jumatatu. La mpiga matoazi nimelitia kiulimi kama ya wengine, asinung'unike.

Baba yako alikuja Jumamosi na viatu kwenye mfuko. Nilikuwa kwenye cherehani. Alinisalimu, akapita moja kwa moja mpaka kwa fundi, akavuta kile kigoda cha wateja akakaa. Wakaanza na soli. Wakaenda kwenye bei ya ngozi, mvua, viatu vya zamani vilivyodumu na vya siku hizi visivyodumu. Mimi nashona mshono ule ule, nafumua, nashona. Walikunywa chai. Jua lilihama upande mmoja wa baraza likaenda wa pili, na hakuna aliyetaja jina la jambo lenyewe. Wanaume hawa, mwanangu!

Mwishowe fundi akamvisha kiatu, akapiga goti akamfunga kamba apime kama kinabana. Baba yako, ambaye tangu utotoni hataki mtu amguse mguu, alitulia. Akasema, sauti ya kawaida kabisa, "Dada yangu hapendi kuharakishwa. Wala kungojeshwa."

Fundi akajibu akiwa bado ameinama, "La kwanza nilijua. La pili nashukuru umenieleza."

Kaka akasimama, akatembea hatua chache kupima viatu, zikamleta mpaka kwenye meza yangu. "Yule karani," akaanza. Akaishia hapo. Midomo ilikuwa inatafuta. Nikamwambia, "Kaka, viatu vimekukaa vizuri." Akasema ndiyo, vimekaa. Akanishika bega, akaenda zake, na mpaka kwenye kona nilimwona anatazama miguu yake.

Nikaingia ndani nikalia kidogo, kilio cha mtu aliyeshiba. Nilipotoka fundi alikuwa amesharudi kazini, anapigilia kisigino cha mtu, misumari mdomoni. Nikasimama mlangoni pake. Nikasema, "Ndiyo."

Akaniashiria kwa mkono ningoje, amalize msumari ule. Akaumaliza. Akatoa iliyobaki mdomoni, akaiweka mmoja mmoja kwenye kopo, akaweka nyundo chini, akaenda kunawa mikono. Alinawa, akaifuta, akarudi kwenye maji akanawa tena, na hapo ndipo nilipojua kwamba amenisikia.

Shangazi yako